Nguo ya Kuazima

Mwaka jana, katika mwezi ambao oda zilikuwa chache, nililetewa kazi ya kurasa sita: linganisha matoleo mawili ya wimbo mmoja wa roki, eleza lipi limefaulu na kwa nini. Mteja alikuwa mwanafunzi wa chuo fulani Marekani. Mimi nilikuwa kwa keja yangu hapa Nairobi, saa nane usiku, tokeni za stima zimebaki za kuhesabu, strungi imepoa kando ya kompyuta. Kama huijui kazi hii, basi unamjua mtu anayeifanya. Mwanafunzi wa ng'ambo anapewa insha, sisi tunaiandika, yeye anaweka jina lake, sisi tunaweka unga mezani. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa, na tangu hapo nimesoma kozi nyingi kuliko waliobaki darasani: uuguzi, sosholojia, biashara, hata theolojia. Cheti sina hata kimoja.

Insha ile niliiandika kwa raha ambayo kazi hii hainipi kwa kawaida. Nilichagua "Hallelujah" ya Leonard Cohen, toleo la John Cale upande mmoja na la Bono upande wa pili, nikasikiliza mpaka kukapambazuka, nikatuma. Ikarudi siku iliyofuata na maagizo matatu: toa "mimi", toa maoni, zipe pande zote mbili uzito sawa. Nikatoa, nikalipwa, yakaisha. Ila zile aya nilizozitoa bado ziko kwa simu yangu, na kila nikizisoma naona ndizo zilizokuwa insha yenyewe. Kwa hivyo nazirudisha hapa, na zingine juu yake, na hakuna upande utakaopewa uzito sawa.

Kwanza jina. Wimbo wa mtu ukiimbwa na mtu mwingine, wasee wa muziki hapa Nairobi wanasema kava. Wengine wanasema kukopi. Mimi nasema kuazima, kwa sababu wahenga walishatuachia onyo: nguo ya kuazima haisitiri matako. Kava nyingi ziko hivyo. Msanii anapanda jukwaani na koti la mwenzake, linapendeza akitazama mbele, halafu anageuka na sote tunaona. Na kuna chache ambazo ukizisikia unaapa koti lilishonewa huyu aliyeliazima. Nimetafuta sana tofauti iko wapi. Si sauti, si pesa, wala si umahiri wa magitaa.

Kipimo ninachokitumia nilikipata kwa mamangu. Yeye si mtu wa roki. Ni wa Jim Reeves na Kenny Rogers, kama wazazi wengi wa nchi hii ambao Jumapili yao bila kantri haijatimia. Siku moja nikiwa nyumbani niliweka "Hurt" ya Johnny Cash jikoni, simu nimeiegemeza kwa mkebe wa majani chai. Akasimama na sufuria mkononi. Hakuuliza wimbo ni wa nani wala unasema nini. Aliuliza, "Huyu mzee ana shida gani?"

Nimesoma uhakiki mwingi wa wimbo huo na hakuna ulionifaa kama swali hilo. Kwa Kiswahili shida ni taabu, lakini pia ni haja. Mtu akibisha mlangoni akasema ana shida na wewe, hajaja kukulilia, kuna kitu anakitaka. Cash alikuwa na shida zote mbili.

Wimbo si wake. Ni wa Trent Reznor wa Nine Inch Nails, na ndio uliofunga albamu yao *The Downward Spiral* ya mwaka 1994. Reznor alikuwa hajafika miaka 30 alipoutunga, na ni wimbo wa kijana: mtu anajiumiza ili ajue kama bado yuko hai, sauti zinakwaruza kwa chini, kuna noti moja kwenye gitaa inayosikika kana kwamba imekosewa makusudi, halafu mwishoni kelele inaiangusha nyumba nzima.

Prodyuza Rick Rubin ndiye aliyempelekea Cash wimbo huo, ukatoka mwaka 2002. Mzee alikuwa na miaka 70, mgonjwa, sauti imepasuka. Angalia alichofanya. Ile noti iliyopinda waliinyoosha, likabaki gitaa la kawaida la mtu wa kantri, ambalo hata mwanafunzi wa wiki mbili anaweza kulifuata. Neno moja la matusi akalitoa, mahali pake akaweka taji la miiba la Yesu, na kwa badiliko hilo dogo wimbo wa mraibu ukawa wa Mkristo mzee anayehesabu alichobakiza. Piano inagonga noti ile ile, inaongeza nguvu, inaongeza tena, wewe unangoja ilipuke kama kwa Reznor. Hailipuki. Inakatika tu. Kijana anamalizia kwa kelele kwa sababu kesho ataamka, na kelele itakuwa imempunguzia. Mzee hana hiyo kesho ya kupunguziwa.

Kisha kuna video ya Mark Romanek. Sehemu yake ilipigwa ndani ya jumba la makumbusho la Cash mwenyewe, ambalo wakati huo lilikuwa limefungwa na kuharibika. Mkewe June Carter anaonekana kwenye ngazi akimtazama mumewe akiimba, na uso wake mimi siwezi kuueleza. June alifariki Mei 2003, Cash Septemba mwaka huo huo. Reznor, ambaye mwanzoni aliogopa kwamba jambo zima lingekuwa mchezo wa kibiashara, alipoiona video alikiri kwamba wimbo haukuwa wake tena. Fikiria kusema hivyo kuhusu kitu ulichokitoa kwa maumivu yako mwenyewe. Mimi nimeandika mamia ya kurasa ambazo si zangu tena, lakini hizo nilizipoteza kabla ya kuziandika, na bei tulishakubaliana.

Kuna watu husema aah, huo ni uzee tu, mpe babu yeyote aliye karibu na kaburi wimbo wa huzuni, utalia. Si kweli, na ushahidi uko kwa albamu ile ile. *American IV* ina "Bridge over Troubled Water" ya Simon & Garfunkel, ina "Desperado" ya Eagles, tena Don Henley wa Eagles mwenyewe yumo ndani akisaidia kuimba. Sauti ni ile ile, mapafu ni yale yale, prodyuza ni yule yule. Zote mbili zimelala. Uliza ana shida gani na "Desperado" na jibu ni hakuna. Ni wimbo mzuri, alipewa, akauimba. Halafu sikiliza "Personal Jesus" ya Depeche Mode, humo humo. Wale Waingereza waliuimba na jicho moja likikonyeza. Cash anauimba kama mtu aliyeokoka na hana mzaha, na ghafla ule wimbo wa klabu unafaa kupigwa kwa mkutano wa injili.

Hapa niingize jambo la sheria kwa sababu linanichekesha. Marekani, tangu mwaka 1909, wimbo ukishatolewa kwa umma mtu mwingine anaweza kuurekodi bila kumpigia mtunzi magoti. Unafuata utaratibu, unalipa kiwango kilichowekwa, basi. Sheria yao ya 1976 inakuruhusu kuupanga wimbo kwa mtindo wako, mradi usiguse mahadhi ya msingi wala tabia yake ya asili. Yaani chukua vyote, ila usiharibu. Kazi yangu ni kinyume kabisa: chukua wazo la mtu, badilisha kila neno mpaka Turnitin isitambue, wazo lenyewe liache lilivyokuwa. Nimefanya miaka minne ya kubadilisha kila kitu bila kubadilisha chochote. Najua kava mbovu inavyotengenezwa kwa sababu ndiyo ninayoiuza.

Ndiyo maana "Africa" ya Weezer inaniudhi kuliko inavyostahili. Toto waliutoa wimbo huo mwaka 1982. David Paich, mmoja wa watunzi wake wawili, alikuwa hajawahi kukanyaga bara hili. Ndani yake mlima Kilimanjaro umeinuka juu ya Serengeti, na dereva yeyote wa watalii kutoka Arusha atakwambia jinsi unavyoupa Kilimanjaro kisogo ukielekea Serengeti. Lakini kuna ukweli ndani ya uongo wa Toto. Ni wimbo wa mtu anayeota mahali asipopajua, na muziki wenyewe uko usingizini, zile ngoma zinazojizungusha, kile kinanda laini. Unaweza kuucheka na bado ukaupenda. Mimi naupenda.

Mwaka 2018 shabiki mmoja tineja aliwaandama Weezer huko Twitter mpaka wakakubali kuucheza. Wakaucheza. Kinanda kile kile, kiitikio kile kile, mwendo ule ule, magitaa yameongezwa kidogo tu, kama chumvi ya mtu mwenye presha. Ukavuma. Mwanzoni mwa 2019 wakatoa albamu nzima ya kava za namna hiyo. Toto nao wakajibu kwa kucheza "Hash Pipe" ya Weezer, watu tukacheka, na ni haki tucheke. Lakini uliza walikuwa na shida gani na "Africa" na jibu ni moja: Twitter. Kinachoniuma ni nafasi iliyopotea. Hapa kuna wimbo unaojulikana dunia nzima, wenye tundu kubwa katikati, yaani bara zima ambalo mwimbaji hajalifika. Bendi yoyote yenye akili ingeingilia tundu hilo. Ingeweza kuufanya wa kutisha, au wa aibu, au wa kuchekesha kwa makusudi. Ulikuwa unangoja mtu wa kuuharibu vizuri.

Kuharibu vizuri kunawezekana, na mfano wake kila mtu anaujua kwa hivyo sitakaa hapo. Bob Dylan alitoa "All Along the Watchtower" Desemba 1967: gitaa, hamonika, besi, ngoma, dakika mbili na nusu, sauti kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Mwezi uliofuata Jimi Hendrix alikuwa studio London akiurekodi. Alisikia kwamba maneno yanatangaza dhoruba ambayo muziki wa Dylan hauileti, akaileta. Hendrix alifariki 1970, na Dylan aliporudi jukwaani na wimbo huo alikuwa akiupiga kwa njia iliyoelemea kwa Hendrix. Ndio wimbo alioupiga jukwaani mara nyingi kuliko mwingine wake wowote. Mwenye koti alikuja kuliazima kutoka kwa aliyemwazima.

Sasa albamu za kuenzi, ambazo ndizo zilizonileta. Mtindo unaujua: msanii mkubwa anatimiza miaka kadhaa au anafariki, kampuni inaita wasanii kumi na watano, kila mmoja anachagua wimbo. Nyingi ni mbaya na sababu ni ile ile inayofanya hotuba za mazishi ya mheshimiwa kuwa mbaya. Kila mtu amekuja na suti. Kila mtu ana dakika tatu, anamtaja marehemu mara moja na kujitaja mara tano. Hakuna atakayesema marehemu alikuwa na deni lake. Heshima imejaa hemani, na hakuna aliyekuja kwa shida.

Leonard Cohen alifanyiwa albamu mbili kama hizo ndani ya miaka minne. Ukizisikiliza moja baada ya nyingine utaelewa kila kitu ninachojaribu kusema, na hata huenda usinihitaji.

Ya kwanza ni *I'm Your Fan*, 1991. Iliandaliwa na jarida la Ufaransa, Les Inrockuptibles, si na kampuni iliyotaka kumuuza Cohen upya. Waliokuja ni R.E.M., Pixies, Ian McCulloch, Nick Cave na Bad Seeds wake, na bendi zingine ambazo leo zimesahaulika, zingine kwa haki. Sitakudanganya, karibu nusu ya albamu unaweza kuiruka. Lakini msikilize Cave kwenye "Tower of Song". Waliupiga kwa muda mrefu wakibadilisha mtindo kila walipochoka, kisha mkanda ukakatwa vipande na kuungwa. Mara ni rokenrola ya kizamani, mara kantri, mara fujo tu ya walevi. Kuna mashabiki wa Cohen wanaoiona kama matusi. Mimi naona ndiye pekee aliyeusoma wimbo. Ni wimbo wa mtunzi anayekaa kwenye mnara pamoja na watunzi wote waliomtangulia, na anamsikia Hank Williams ghorofa nyingi juu yake. Cohen aliimba akiwa chumba kimoja. Cave amefungua milango ya ghorofa zote kwa wakati mmoja.

Na mwishoni kabisa mwa albamu hiyo yuko John Cale, mzee wa Velvet Underground kutoka Wales, peke yake na piano.

Ili uelewe alichofanya lazima ujue "Hallelujah" ilikuwa nini kabla yake. Haikuwa kitu. Cohen aliitoa kwenye *Various Positions*, mwishoni mwa 1984, albamu ambayo Columbia walikataa kuitoa Marekani; ikaja kutoka huko kupitia kampuni ndogo. Toleo lenyewe lina kinanda cha umeme cha enzi zile na kwaya kubwa nyuma, Cohen akizungumza zaidi ya kuimba. Lina uzito wa ibada lakini kama ibada ya kanisa tupu. Cale alimsikia Cohen akiiimba jukwaani, akamwomba maneno. Cohen, ambaye alikuwa ameandika beti nyingi mno kwa miaka, akamtumia faksi ya kurasa 15. Cale akakaa nazo, akaacha nyingi za kidini, akachagua zile za kitandani na za ugomvi, akachanganya na za mwanzo. Akatoa kwaya. Akatoa kinanda cha umeme. Akapiga piano kavu, bila kubembeleza, kama mtu anayesoma ripoti ya daktari kuhusu ndoa yake mwenyewe.

Hiyo ndiyo "Hallelujah" unayoijua. Ya Cohen umeitafuta baadaye. Jeff Buckley aliipata kwa Cale, akaiweka kwenye *Grace* mwaka 1994 na gitaa moja la umeme, na kabla ya noti ya kwanza unamsikia akishusha pumzi. Nilisikiliza pumzi hiyo mara nyingi usiku ule kuliko nilivyosikiliza wimbo. Cale alikuwa amefikisha hamsini hivi, anaimba kuhusu mapenzi yaliyokwisha. Buckley ni kijana na anaimba kana kwamba yanakwisha sasa hivi, chumbani, na jirani anasikia. Alizama mtoni Memphis mwaka 1997, ana miaka 30. Toleo la Cale ndilo lililoingia kwenye filamu ya *Shrek* mwaka 2001, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kulizuia tena. Desemba 2008, Alexandra Burke, mshindi wa X Factor, alikuwa namba moja Uingereza na wimbo huo, Buckley namba mbili wiki hiyo hiyo, na Cohen mwenyewe, aliyeutunga, namba 36.

Ya Burke nimeisikiliza kwa moyo safi, naapa. Ina sauti, ina kwaya ya injili, ina ule wakati wa kupandisha ambapo unajua taa za jukwaani zimebadilika. Ana shida ya kushinda shindano, na anashinda. Siwezi kumlaumu dada wa miaka 20 kwa kutaka maisha mazuri. Lakini wimbo ulikuwa ngazi tu, ungekuwa wowote.

Albamu ya pili, *Tower of Song*, ilitoka 1995. Kwa karatasi inaishinda ya kwanza mbali sana: Elton John, Billy Joel, Sting akiwa na The Chieftains, Peter Gabriel, Willie Nelson, Tori Amos, Don Henley tena (huyu jamaa haachi kualikwa), na Bono. Kwa masikio ni hoteli ya kifahari, zulia nene, hakuna anayesikika akitembea. Elton John anaimba "I'm Your Man", wimbo wa mwanamume anayejidhalilisha mbele ya mwanamke aliyemchoka, na anauimba kwa uchangamfu wa mtu ambaye ameshaambiwa ndiyo. Willie Nelson anaponea kwenye "Bird on a Wire" kwa sababu Willie huimba kila kitu kana kwamba yuko barazani kwake.

Halafu Bono na "Hallelujah". Hii ndiyo aya ya kwanza niliyoambiwa niitoe, na ninairudisha karibu ilivyokuwa. Bono ananong'ona beti juu ya mdundo wa mashine, kama mtangazaji wa redio usiku wa manane, kisha kwenye kiitikio anapanda kwa sauti nyembamba ya juu. Ni rahisi kumcheka na wengi wamemcheka. Mimi kilichonisumbua ni kwamba Bono alifanya kile ninachowaomba wengine wafanye. Hakukopi. Aliuharibu wimbo, alibadilisha kila kitu, alithubutu kuliko Elton, Sting na Billy Joel wote pamoja. Na bado ni toleo baya. Kwa hivyo kuharibu peke yake si dawa. Cale naye aliharibu: alitupa kwaya, alitupa beti. Lakini kila kitu alichotupa kilikuwa kinamzuia kufikia kitu fulani. Bono alitupa ili tuone anatupa. Ule mdundo haumfikishi popote ambako piano isingemfikisha haraka zaidi. Anamheshimu Cohen sana, unaisikia heshima yenyewe, ni ya mtu anayetaka mwalimu aone amefanya kazi ya ziada.

Mteja alitaka kuandikwe kwamba "matoleo yote mawili yana nguvu na udhaifu wake." Niliiandika sentensi hiyo. Kwa Kiingereza kizuri.

Kuna albamu ya juzi juzi lazima niitaje, *The Metallica Blacklist* ya mwaka 2021. Metallica walikuwa wanasherehekea miaka 30 ya ile albamu yao nyeusi, nyimbo 12, wakaalika wasanii 53. Ni zaidi ya saa nne za muziki. "Nothing Else Matters" peke yake imeimbwa mara 12, zikifuatana. Nilizisikiliza zote nikiandika kazi ya uuguzi, na kufikia ya tano nilihisi kama niko kwa foleni ya kuaga mwili. Lakini foleni ina watu. Phoebe Bridgers ameuteremsha mpaka ukawa siri. Igor Levit ameupiga kwa piano bila neno hata moja. Miley Cyrus amekuja na Elton John na Yo-Yo Ma, suti tatu kwa mpigo. Na kwenye orodha kuna TRESOR, mzaliwa wa mashariki mwa Kongo aliyehamia Afrika Kusini akiwa kijana. Jina lake lingine ni Riziki. Niliposoma hilo nilisimamisha kazi ya uuguzi nikairudia yake mara mbili. Si bora kuliko zote kumi na mbili. Niliirudia tu kwa sababu ya jina, nakubali, na huo nao ni uhakiki wa aina yake.

Moses Sumney, kwenye "The Unforgiven", ndiye anayenibaki. Metallica waliutunga kama mtu anayepiga meza. Sumney, mtoto wa wazazi Waghana, anauimba kwa sauti ile yake ya juu, laini, ya mtu ambaye hajawahi kuruhusiwa kupiga meza. Maneno hayajabadilika. Aliyekosewa ndiye aliyebadilika.

Mwezi uliopita nilikuwa harusini Thika, binamu yangu akioa. Kwaya ikasimama, vitenge vya rangi moja, kinanda cha kukodi, spika moja inakoroma. Wakaanza "Hallelujah". Nikafunga macho nikijiandaa kuumia. Beti zote za Cohen walikuwa wamezitupa, Daudi na Samsoni na kitanda na kila kitu, wakabaki na kiitikio tu. Katikati wameweka beti zao za Kiswahili, kuhusu bibi harusi aliyesubiri miaka sita huku bwana harusi akitafuta kazi ya kudumu. Hiyo ni kweli, alisubiri miaka sita, sote tulijua. Mahadhi yalipinda mahali pawili. Mama wa bibi harusi alikuwa amesimama na leso juu kabla hawajafika kiitikio cha pili.

Nilijaribu kukumbuka ningeiweka wapi kwenye zile kurasa sita.

Mamangu alikuwa kando yangu, akinyoosha kilemba. Akaniinamia. "Huu si ule wa yule mzee wako wa jikoni?"

"Hapana, mum. Huu ni wa mzee mwingine."

"Wazee wako ni wengi," akasema, akaendelea kupiga makofi.